Alama Iangalie Alama

Kila siku saa kumi jioni, sare ya shule ikiwa bado mwilini na vumbi la chaki bado vidoleni, msichana mmoja wa darasa la sita alisukuma mlango wa chumba cha nyuma nyumbani kwa shangazi yake. Alivua viatu, akanawa mikono, akaikausha vizuri mpaka baina ya vidole. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya chumba kile: mikono yenye maji isiguse umeme, na mikono yenye mafuta isiguse bodi, kibao chenye matundu ya kupachikia vifaa.

Chumba kilikuwa kidogo, lakini kila kitu kilijua mahali pake. Meza ndefu ilikuwa na madoadoa meusi ya risasi ya kulehemia. Chuma cha kulehemia kilisimama ndani ya springi yake, na pembeni yake palikuwa na kipande cha sifongo chenye unyevu. Ukutani palipangwa makopo matupu ya maziwa ya unga, kila moja na karatasi yake: waya mwekundu, waya mweusi, skrubu fupi, skrubu fupi zaidi. Na juu ya rafu, chini ya kitambaa cheupe, vilikaa vikuza sauti vilivyokwisha kuundwa.

Kikuza sauti ni kisanduku kidogo kama cha sabuni. Unakiweka kati ya redio na hedifoni, na sauti iliyokuwa inanong'ona inasimama wima. Shangazi hakuviuza vikiwa vimekamilika. Kazi yake ilikuwa kuvibuni, kisha kuandika kitabu cha maelekezo ili mtu yeyote aweze kujiundia chake mezani kwake. Watu asiowajua, wa nchi asizowahi kuzikanyaga, walimwandikia barua za shukrani. Kati yao alijulikana kwa jina la Mama Sauti. Walikuwa wakiambiana kwamba Mama Sauti akisema tundu lipo, basi weka mguu wa kifaa bila kutazama, tundu lipo.

Msichana naye alikuwa na jina lake: Kwanini. Alilipata akiwa na miaka mitatu, kwa sababu lilikuwa ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Kwa nini maji yanachemka? Kwa nini kivuli hakichafuki? Nyumbani jina lile lilikuwa la mapenzi. Shuleni lilikuwa jambo jingine. Kila alipoinua mkono darasani, jirani yake wa dawati alivuta pumzi ndefu na kusema, "Jamani, Kwanini ameanza tena! Leo hatuendi mapumziko." Na darasa zima likacheka. Kidogo kidogo mkono ule ukawa mzito kuinuka, hadi siku moja ukaacha kuinuka kabisa.

Jumatatu hiyo Shangazi alimwekea mezani bodi mpya, pakiti ya vifaa, kitabu cha maelekezo na penseli mbili, ya kijani na nyekundu.

"Kazi ni ile ile, mwanangu," alisema Shangazi. "Unasoma, unafanya. Ukielewa, weka tiki ya kijani. Usipoelewa, hata kidogo tu, weka alama ya kuuliza nyekundu. Usikisie, usiniulize, na usifunue kitambaa."

"Najua, Shangazi."

"Najua kwamba unajua. Nasema ili masikio yasisahau. Jumamosi wanafunzi thelathini wa shule yenu wanakuja ukumbini kuunda vyao. Ijumaa nakipeleka kitabu kikapigwe nakala. Wewe ndiye wa mwisho kukisoma."

Mara ya mwisho Kwanini alipoijaribu kazi hii, alirudisha kitabu cha kifaa kingine, chenye alama nyekundu kumi na saba. Shangazi alifurahi kama aliyepewa zawadi, lakini Kwanini alikipitisha kitabu kile shuleni ndani ya mkoba, na jirani yake wa dawati alikiona. "Hee! Kitabu kimepata surua!" Kicheko cha siku ile kilikuwa bado kinamwasha masikioni. Sasa alikuwa ameapa moyoni: safari hii, hata nyekundu moja haitaonekana. Yeye si mtoto wa kuuliza tena. Yeye ni mtu anayejua.

Na kwa kweli alikuwa anajua. Alisoma rangi za rezista, vile vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi, kama anavyosoma alfabeti. Aligusisha chuma cha moto, akahesabu moja, mbili, akalisha risasi, na tone likakaa liking'aa kama jicho la samaki mbichi. Hatua ya kwanza, tiki. Ya tano, tiki. Ya kumi na tatu, tiki.

Hatua ya kumi na nne ilikuwa fupi: *Chomeka kipipa. Alama iangalie alama.*

Kipipa ni kapasita, kifaa cha mviringo chenye miguu miwili, mfano wa pipa la mafuta lililosinyaa likawa na ukubwa wa ncha ya kidole. Ubavuni kilikuwa na mstari mweupe wenye vialama vya kutoa. Kwanini akaitazama bodi. Kando ya tundu moja palikuwa na alama pia, lakini ilikuwa ya kujumlisha.

Akakigeuza kipipa huku, akakigeuza kule. Alama iangalie alama. Ya kutoa iangalie ya kujumlisha? Au alama inayotajwa ni nyingine? Mkono ukaifuata penseli nyekundu, ukaigusa. Kisha akaisikia sauti ya darasani: kitabu kimepata surua!

Wakati huo huo mtu alibisha mlango wa mbele, na Shangazi akatoka kwenda kumfungulia. Kwanini akabaki peke yake na kitambaa cheupe. Alisogea rafuni, akainua pembe moja tu, upana wa vidole viwili, akachungulia. Kipipa cha Shangazi kilikuwa kimegeuzia mstari mweupe mbali na alama ya kujumlisha. Akashusha pembe, akarudi kitini, akakipanga cha kwake vivyo hivyo, akalehemu.

Halafu akachukua penseli ya kijani, akaweka tiki. Tiki nzuri, yenye mkia mrefu.

Kabla ya maghribi kazi ilikwisha. Kama sheria ilivyotaka, walikifunika kikuza sauti kwa bakuli la bati kabla ya kukiwasha mara ya kwanza. Walihesabu mpaka sitini. Kimya. Shangazi akaondoa bakuli, akapima kwa mita ya umeme, akavaa hedifoni. Uso wake ukafunguka.

"Safi! Safi kama maji ya mtungini!" Akakipekua kitabu ukurasa kwa ukurasa. "Na hakuna nyekundu hata moja? Hata moja?"

"Hata moja, Shangazi."

"Basi kitabu hiki kimepita. Nitampa fundi wangu wa ng'ambo ya barabara nakala moja ya awali na vifaa, aanze kabla ya hao watoto, kisha Jumamosi aje naye ukumbini."

Kwanini alicheka pamoja naye. Lakini ndani, mahali fulani chini ya mbavu, palikuwa na kitu kinachokwaruza kama kijiwe ndani ya kiatu.

Fundi wa ng'ambo ya barabara alikuwa fundi cherehani, mzee mwembamba mwenye tepu ya kupimia shingoni kutwa nzima. Watu walisema hata akilala haivui. Alikuwa na hedifoni nzuri aliyoletewa na binti yake, lakini redio yake ilikuwa dhaifu, na cherehani ikianza kunguruma hakusikia kitu. "Msoma habari ananong'ona utafikiri ananiibia siri za jirani," alilalamika. Yeye na Shangazi walikuwa na utani wa miaka. Alikuwa akikitazama kile chuma cha kulehemia na kusema, "Mama Sauti, sote tunakula kwa pasi. Ila yako ni ya kunyooshea mashati ya panya."

Jumatano jioni mzee alivuka barabara akiwa amebeba kikuza sauti chake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba ndege aliyekufa. Utani ulikuwa umemtoka.

"Kimepasuka," alisema. "Nilikifunika bakuli, nashukuru uliandika hivyo. Pa! Bakuli likaruka. Nyumba ikanuka kama nywele zilizoungua."

Kwanini alikuwa mezani akipanga skrubu. Vidole vyake vikasimama.

Shangazi alikiinua kile kisanduku kwenye mwanga wa dirisha. Kipipa kilikuwa kimechanika kichwani. "Umekichomeka kinyume, mzee wangu. Kikikaa kinyume, umeme unakipasha joto, kinavimba, kinapasuka."

"Kinyume? Lakini nilifuata neno kwa neno, na kidole changu juu ya maandishi."

"Hatua ya kumi na nne naijua kwa moyo," alisema Shangazi kwa upole. "Niliiandika miaka saba iliyopita, na haijamwangusha mtu. Juzi mtoto huyu ameipita bila swali lolote. Labda ule mstari haukuuona vizuri. Ni mdogo sana."

 Mzee alimtazama Kwanini, akatabasamu tabasamu la kuinua upande mmoja wa mdomo. "Kama mtoto ameipita, basi ni macho. Nilikuwa nikijiambia bado. Kumbe yamekwisha."

"Si hivyo, mzee wangu, mtu yeyote anaweza…"

"Ah, Mama Sauti, umri nao una zamu yake."

Akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake polepole. Kwanini alitaka kumkimbilia. Angesema nini? Kwamba alichungulia? Kwamba ile tiki yenye mkia mrefu ilikuwa uongo? Akaendelea kupanga skrubu, na zile fupi zaidi akazitia kwenye kopo la fupi.

Alhamisi, akitoka shuleni, alipita mbele ya kibanda cha cherehani. Kwa kawaida mashine ile ilisikika tangu kona ya barabara. Leo ilikuwa kimya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Njoo, njoo unisaidie." Mzee alikuwa ameketi mbele ya mashine, na mapajani mwake palikuwa na gauni la mtoto, jepesi, lenye vifungo vidogo kama punje za mtama. "Hebu nitungie uzi kwenye sindano. Nimejaribu tangu asubuhi."

Kwanini akaipokea sindano. Uzi ukapita pembeni mara mbili kabla ya kuingia.

"Gauni hili ndilo la mwisho," mzee alisema, kana kwamba anazungumza habari ya mvua. "Kazi za vifungo nitampa fundi wa sokoni. Mimi nitabaki na mapazia. Pazia halidai macho. Na mwambie shangazi yako kwamba Jumamosi sitakuja ukumbini. Sitaki nikae katikati ya watoto nikipasua vitu."

"Lakini fundi, macho yako…"

"Yamenitumikia miaka arobaini na mbili. Siyalaumu." Akaishika tepu shingoni, akaivua taratibu, akaikunja, akaiweka juu ya meza.

Kwanini hakuwahi kuiona shingo ya mzee ikiwa tupu. Hakuaga. Alivuka barabara mbio, mkoba ukimpiga mgongoni, akaingia chumba cha nyuma na viatu miguuni.

"Viatu!" Shangazi alisema. Halafu akauona uso wake, akaweka chini mita. "Nini, mwanangu?"

"Shangazi, fundi hana kosa. Macho yake mazima. Mimi…" Akavuta pumzi. Alijua akisimama hapo, hatasema tena. "Hatua ya kumi na nne sikuielewa. Nilifunua kitambaa. Nikatazama cha kwako, nikafanya vile. Halafu nikaweka tiki."

 Shangazi hakupaza sauti. Alikichukua kitabu, akakifungua ukurasa wenye hatua ya kumi na nne, na safari hii akaisoma kwa kidole, kama mzee alivyofanya. Akaichukua bodi mpya. Akavuta droo ya chini, akatoa bodi ya zamani, akaziweka sambamba.

"Tazama hapa," alisema hatimaye. "Kwenye bodi ya zamani nilichora mstari mweupe, sawa na ule wa kipipa. Mstari uangalie mstari. Ilikuwa sahihi. Mwaka huu nikaibadili bodi, nikaufuta mstari, nikaweka alama ya kujumlisha upande wa pili. Maneno nikayaacha vile vile." Akajipiga paji la uso. "Mtu anayefuata maneno yangu sawasawa, lazima kimpasukie. Mzee alifuata sawasawa. Ndiye pekee aliyefuata!"

Kwanini alilia sasa, machozi ya kweli, yenye kamasi. "Umekasirika, Shangazi?"

"Nimekasirika, ndiyo. Sikiliza vizuri, tusichanganye mambo. Kosa la maneno ni langu, nitalibeba mimi. Kosa la tiki ni lako, utalibeba wewe. Futa uso, vaa… ah, viatu unavyo tayari. Twende."

Walivuka barabara pamoja. Mzee alipowaona wawili, alianza kuinuka.

"Kaa, mzee wangu," Shangazi alisema. "Nimekuja kukuomba radhi. Niliandika vibaya, kisha nikakulaumu wewe na macho yako. Na huyu hapa ana lake."

Kwanini alitazama kwanza sakafu, yenye vipande vya vitambaa vya kila rangi. Halafu akainua uso, kwa sababu alihisi neno lile halistahili kusemewa sakafu. Akaeleza yote: surua ya kitabu, kitambaa, tiki. "Kama ningeweka alama ya kuuliza, kisingekupasukia. Nisamehe, fundi."

 Mzee alichukua sindano nyembamba kuliko zote kwenye kijaluba chake, akakata uzi, akaulamba ncha, akainua vyote viwili kuelekea mlangoni penye mwanga.  Uzi ulikwenda moja kwa moja, ukapita tunduni mara ya kwanza.

"Ahaa!" Mzee alipiga goti lake. "Tangu asubuhi nahangaika, kumbe sindano ilikuwa haina tatizo, na macho hayana tatizo. Tatizo nililitia mwenyewe kichwani!" Akaivaa tepu shingoni, akamgeukia Kwanini na kumtikisia kidole. "Wewe, umenipotezea siku nzima ya vifungo. Nimekusamehe, lakini hili gauni utanisaidia kuvipachika. Vyote kumi na viwili."

"Ndiyo, fundi."

"Na wewe, Mama Sauti, unaniletea kipipa kipya. Safari hii nitakiweka kwa pasi yako ya panya na macho yangu ya tai."

Jioni ile Kwanini alikaa tena mezani na bodi tupu, akakisoma kitabu upya toka hatua ya kwanza, penseli mbili mkononi. Kumbe haikuwa ya kumi na nne peke yake. Hatua ya sita ilisema "geuza" bila kusema kugeuza upande gani. Ya kumi na tisa ilimtaka akaze skrubu ambayo ilikuwa haijatajwa bado. Jumatatu alizipita zote kwa kujua kwake. Sasa aliziwekea nyekundu, moja baada ya nyingine, mpaka zikatimia tisa, na kila moja ikamtoa kijiwe kiatuni. Shangazi alirekebisha zote tisa. Hatua ya kumi na nne ikasomeka hivi: *Chomeka kipipa. Mguu mrefu uingie kwenye tundu lenye alama ya kujumlisha. Mstari mweupe uelekee upande wa pili.*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wanafunzi thelathini na fundi cherehani mmoja waliinamia meza, na moshi mwembamba wa risasi ukapanda kuelekea madirishani. Jirani wa dawati wa Kwanini alikuwa ameketi mstari wa kwanza. Kabla ya kuanza alikifungua kitabu, akasoma mstari wa chini kwenye ukurasa wa kwanza, akamgusa Kwanini kwa kiwiko. "Hee, wewe! Mbona jina lako limechapwa huku? 'Kimesomwa na kuulizwa maswali na Kwanini.' Maswali nayo yanaandikwa kitabuni?"

"Yanaandikwa," alisema Kwanini.

"Basi niambie, hii hatua ya pili ina maana gani?"

Kwanini alitabasamu, akampa penseli nyekundu.

Ulipofika wakati wa kuwasha, mabakuli thelathini na moja ya bati yalifunikwa kwa pamoja. Wakahesabu kwa sauti mpaka sitini. Hakuna bakuli lililoruka. Kisha hedifoni zikavaliwa, ukumbi ukawa kimya kabisa, na nyuso zikaanza kufunguka moja baada ya nyingine. Mzee alikuwa wa mwisho kuvaa. Akafumba macho, akapaza sauti bila kujua kwamba anapiga kelele:

"Jamani! Msoma habari kumbe ana mafua!"

Kicheko kilipopoa, Shangazi alisimama mbele. "Watu huniita fundi," alisema, "na mimi nakubali, kazi yangu naijua. Lakini kitabu changu kilikuwa na kosa ambalo mimi nisingeliona kamwe, kwa sababu maneno yangu siyasomi, nayakumbuka. Nilihitaji mtu asiyejua, mwenye ukweli wa kusema kwamba hajui. Anayejifanya ameelewa haniheshimu, wala hajilindi. Anamwachia mwenzake bakuli liruke. Kwa hiyo hapa, na darasani kwenu, usipoelewa sema hujaelewa. Hiyo nayo ni kazi, na ni kazi ya ufundi. Haya, nani ana swali?"

 Kisha, kutoka mstari wa kwanza, mkono mmoja ukainuka, mwepesi, wima, wenye penseli ya kijani katikati ya vidole.

"Kwa nini," aliuliza Kwanini, "tunahesabu mpaka sitini? Kwa nini isiwe hamsini?"

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanasubiri jibu.